CD ya Metikali 40

Tangu mwezi uliopita nimeulizwa swali moja mara nyingi, afadhali nilijibu hapa mara moja kwa wote. Swali lenyewe: mtu anayepanga foleni ya mchele anawezaje kutoa hela yake kununua CD ya muziki, tena ya bendi ya roki nzito ya Brazili, na wakati huohuo hana hata deki ya kuipigia? Jirani yangu aliuliza kwa kucheka. Mgeni mmoja wa misaada aliuliza bila kucheka. Mama mdogo hakuuliza, aliitazama tu ile CD mezani, akanitazama mimi, akaendelea kuchagua mchele.

Bei ilikuwa metikali 40. CD yenyewe ni Holy Land ya Angra, iliyotoka mwaka 1996. Mimi mwenyewe nimezaliwa baada yake.

Niliikuta Palma, sokoni, kwenye meza ya kalamidadi. Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma wanasema mitumba, sisi tunasema kalamidadi, na wanaosoma jarida hili kutoka nje huenda hawajui jina hilo limetoka wapi. Miaka ya 1980, wakati wa vita na ukame, nguo za msaada ziligawiwa nchini kupitia idara ya serikali ya kupambana na majanga, calamidades kwa Kireno. Vita viliisha, nguo zikageuka biashara, jina likabaki. Kwa hiyo hadi leo mtu akipendeza kwa shati la mitumba, tunasema amevaa janga. Hatucheki, tumeshazoea.

Kwenye meza ile kulikuwa na chaja zisizo na simu, rimoti zisizo na televisheni, na katoni ya CD na DVD. Nyingi zilikuwa filamu za Kihindi na mahubiri. Nilikuwa napekua tu, mkono unapita wenyewe, mpaka nikaona herufi tano ninazozijua. Moyo ulipiga. Nikajikaza nisionyeshe, maana muuzaji akishajua umependa, umekwisha.

"Hii shilingi ngapi, mjomba?" Huku tunasema shilingi hata kama hela ni metikali.

"Sitini."

"Sitini? Haina hata karatasi ya mbele."

Akaichukua, akaigeuza. Kweli, kijitabu hakikuwemo. Kasha limepasuka pembeni, na CD yenyewe ina mikwaruzo kama imelala na kuku. "Arobaini, basi. Lakini mwanangu, hizi siku hizi nani anapiga? Chukua kadi ya memori nikujazie Diamond, Marioo, wote, kwa hamsini."

Nikampa 40. Kwa hela hiyo ningepata mikate minne midogo. Najua hesabu hiyo, sihitaji kukumbushwa.

Sasa niseme Angra ni nani. Ni bendi ya São Paulo, ilianzishwa 1991. Muziki wao ni roki nzito, ile wanayoita metali, lakini si ya kupiga kelele tu. Wimbo unaanza na gitaa taratibu, unabadilika mwendo katikati, unaingia piano, unaingia ngoma za Kibrazili zenye asili ya Afrika, halafu magitaa yanarudi mbio. Wenye ujuzi wanaiita progresivu, kwa sababu wimbo hautulii pahali pamoja. Mwimbaji wa wakati ule, Andre Matos, alikuwa amesomea muziki shuleni, na sauti yake inapanda mpaka unadhani ni mwanamke anaimba. Alifariki Juni 2019, akiwa na miaka 47. Ni Wabrazili, kwao wanaongea Kireno kama serikali yetu, lakini wanaimba Kiingereza. Vijana wangu waliniuliza kwa nini. Nikawauliza: na sisi tunaandika jarida hili kwa lugha gani, na fomu za kuomba kazi tunajaza kwa lugha gani? Kila mtu ana lugha ya nyumbani na lugha ya mlangoni.

Nimewajuaje? Kwa kaka yangu. Ni mtoto wa mjomba, lakini tumelelewa nyumba moja, kwa hiyo ni kaka. Yeye alikwenda Nacala kubeba zege kwenye uwanja wa ndege, ule uliojengwa na kampuni ya Wabrazili na kufunguliwa 2014. Aliporudi Palma, zaidi ya hela kidogo na maumivu ya mgongo, alirudi na kadi ya memori aliyojaziwa na fundi mmoja wa Kibrazili. Humo ndimo Angra walimokuwa. Nyimbo kumi za Holy Land, kwa mpangilio wake, namba moja mpaka kumi.

Tulikuwa tunakaa barazani jioni, sikio moja yeye, sikio moja mimi, waya mfupi kiasi kwamba vichwa vinagusana. Mama yake akasema tumerogwa. Mi nilikuwa bado shule, Kiingereza changu cha kuokoteza, yeye hana kabisa, lakini nyimbo zote alizijua kwa mdomo: anaimba maneno yasiyo na maana yoyote, ila sauti imekaa palepale. Alipenda zaidi wimbo wa nne, Carolina IV, unaozidi dakika kumi. Ni habari ya jahazi na safari ya baharini. Alikuwa anasema, "Huu wimbo una pepo zake. Sikiliza, hapa ni kusi. Hapa upepo umekata. Hapa kaskazi imeingia." Kaka alikuwa mtoto wa mvuvi, kila kitu kwake ni upepo.

Na alinihadithia kitu ambacho yule fundi alimwonyesha: kijitabu cha CD ile, ukikikunjua, kinakuwa ramani ya zamani, ya karne ya kumi na sita. Kaka aliiona kwa macho yake. Kila mara alikuwa anasema ipo siku atanunua CD halisi ili anionyeshe ile ramani.

Jumatano, tarehe 24 Machi 2021, wote mnaijua, na kama hamkuwepo mmeisoma kwenye ripoti zenu. Siirudii hapa. Mimi nilikimbilia huku Quitunda na watu wengine maelfu, tukalala kwenye varanda za watu ambao wao wenyewe walikuwa wamehamishwa kutoka vijiji vyao kupisha mradi wa gesi. Kaka alikuwa upande mwingine wa mji siku ile. Hatujapata habari zake hadi leo. Jina lake limeandikwa kwenye madaftari matatu ninayoyajua. Kadi ilikuwa kwenye simu yake.

Narudi kwenye swali la jirani.

Tangu siku ile, karibu kila kitu nilichogusa nilipewa. Turubai nilipewa. Ndoo nilipewa, ina nembo. Blanketi, sabuni, sufuria, nimepewa na nimeshukuru, na nashukuru tena hapa bila unafiki, maana bila hivyo vitu kuna watu wasingekuwepo. Lakini kitu cha kupewa kina tabia yake: kimechaguliwa na mtu mwingine, kabla hajakuona, kwa kufikiria mtu wa wastani. Ndoo yangu na ya jirani ni moja. Ukiziweka pamoja huwezi kujua ya nani ni ipi, mpaka uweke alama ya msumari. Hata nyumba za Quitunda, nzuri, za matofali, zimepangwa kwa mstari, na wageni wakija usiku wanapotea kwa sababu zinafanana.

Ile CD hakuna orodha ya mahitaji duniani ambayo ingeiandika. Hakuna mtu angeileta kwenye lori. Ni mimi niliyeitambua katikati ya katoni ya uchafu, kwa sababu ya mambo yaliyomo kichwani mwangu na kichwani mwa mtu mmoja tu mwingine. Kwa metikali 40 nilipata kitu ambacho hakihitaji alama ya msumari. Huo ndio utajiri wenyewe, ndugu jirani. Mikate minne ingeisha kabla ya saa nne.

Sasa kuhusu deki. Kuna mzee mmoja hapa alikuwa na kibanda cha video, na deki yake aliikimbiza begani mwaka ule badala ya godoro, mkewe hajamsamehe. Nilimwendea, akaitazama CD, akasema mikwaruzo hii jicho la deki litakataa. Tukaipaka dawa ya meno, tukaisugua kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, tukaisuuza, tukaifuta na kanga ya mkewe bila yeye kuona. Tukangoja umeme.

Ilisoma. Wimbo wa kwanza ni utangulizi tu. Wa pili ulipoingia na magitaa yake, mzee akarudi nyuma kama kapigwa kibao, akasema, "Hawa wamekasirishwa na nini?" Nikamwambia subiri. Ulipofika wa nne na ngoma zake, akaanza kupiga paja. Akasema hii sasa inaeleweka.

Lakini katikati ya Carolina IV CD inaruka. Inagonga mara tatu, tatatata, halafu inakwenda mbele zaidi ya nusu dakika. Nilishtuka nilipogundua kwamba sehemu iliyorukwa naijua. Mdomo wangu uliendelea peke yake, na maneno ya ovyoovyo ya kaka, mpaka CD ikanikuta mbele. Mzee akaniuliza nimesoma wapi Kiingereza. Nikamwambia barazani.

Kazi yangu hapa ni ativista wa vijana. Jumamosi tunakaa na vijana kati ya miaka 14 na 20, tunazungumza mambo ya afya, ya shule, ya ugomvi, na mara nyingi tunacheza tu. Niliamua kuwapigia Angra, lakini muziki ule una jambo lake hapa kwetu. Ngoma za miguu za metali zinakwenda mbio, dududududu, na wote tunajua sauti hiyo inafanana na nini. Kwa hiyo kabla ya kuwasha niliwaeleza: kuna mahali sauti itakuwa hivi, nitanyoosha mkono kabla haijafika, anayetaka kutoka atoke, hakuna wa kumwuliza. Nikaanza na nyimbo za taratibu.

Pamoja na hayo, ilipofika, kijana mmoja alisimama akatoka. Hakukimbia, alitoka tu kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilizima. Tukakaa kimya, tukaongea mengine. Baada ya nusu saa akarudi, akakaa karibu na deki, akasema, "Niwekee tena, lakini rimoti nishike mimi."

Nikampa. Akaweka, akapunguza, akasimamisha. Akaweka tena, akaongeza kidogo. Akasimamisha. Wenzake wakaanza kulalamika kwamba anaharibu wimbo, nikawaambia mwacheni. Alifanya hivyo mara nane, tisa. Mwisho akaiacha ikaenda hadi mwisho wa wimbo, kidole kikiwa juu ya kitufe muda wote. Sitaki kusema amepona, mi si daktari, na kesho yake anaweza kushtuka kwa mlango uliogongwa. Nasema nilichokiona: sauti ile siku zote ilikuwa inamjia yenyewe, na siku hiyo yeye ndiye aliyeiita na kuifukuza.

Habari zikafika kwa mwalimu wetu wa madrasa. Aliniita baada ya alasiri. Nilichukua CD nikaenda nayo, maana kumficha mwalimu kitu ni kukifanya kikubwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nasikia unawapigia watoto nyimbo za shetani."

Mtu fulani alikuwa ameshasoma nyuma ya kasha: wimbo wa kumi unaitwa Lullaby for Lucifer. Nikamwambia ndiyo, jina lipo, ni wimbo mfupi, gitaa na sauti tu, kuliko zote ndio mtulivu. Nikamwambia mengine ni habari za jahazi, za bahari, za watu weupe kufika Brazili na kuikuta ardhi ina wenyewe. Akaniuliza kama kuna matusi. Hakuna. Akaniuliza kama tunapiga wakati wa sala. Hatupigi. Akanyamaza, akaishika CD kwa ncha za vidole, akasema, "Hawa waliotufukuza nao walikuwa wanakataza muziki. Mimi sitaki kufanana nao. Lakini sauti isifike msikitini. Na huo wa Lusifa, ruka."

Tunauruka. Si gharama kubwa kwa amani.

Ila aliposema ardhi ina wenyewe, sorry, aliposikia mimi nimesema hivyo, aliniuliza jambo lililonifanya nirudi kwenye madaftari ya shule: hao weupe waliofika Brazili ndio haohao waliokuja huku? Ndio haohao, tena zaidi ya nilivyofikiri. Cabral alitoka Lisbon mwaka 1500 na meli 13 kwenda India. Aprili alifika Brazili. Akaendelea, dhoruba ikazamisha meli 4 karibu na ncha ya kusini ya Afrika, na Julai mwaka huohuo, na meli 6 zilizobaki pamoja, alipita kisiwa cha Msumbiji kisha akatia nanga Kilwa. Kutoka kisiwa cha Msumbiji hadi Kilwa huwezi kupita isipokuwa mbele ya pwani yetu hii. Yaani safari ileile ambayo Wabrazili hadi leo wanaitungia nyimbo, ilipita hapa mbele ya Palma miezi michache tu baadaye, na sisi hatujaitungia hata mmoja.

Na baadaye watu wetu walipelekwa huko kwa nguvu. Wengi walichukuliwa kutoka pwani ya Msumbiji wakauzwa Brazili, hasa karne ya kumi na tisa. Hata leo kule Minas Gerais kuna vikundi vya ngoma vya sikukuu vinavyoitwa Moçambique, wachezaji wanafunga njuga miguuni. Kwa hiyo yule mzee wa deki alipopiga paja hakuwa anabahatisha. Hata jina la bendi: wenyewe wanasema ni la mungu wa moto katika hadithi za wenyeji wa Brazili, lakini kwa Kireno angra ni ghuba ndogo. Na sisi tumetoka wapi kama si kwenye ghuba?

Kijitabu cha ramani hakikuwemo kwenye kasha, nilishasema. Basi Jumamosi iliyofuata nilichana katoni ya mafuta ya kula, nikawaambia vijana tuchore ya kwetu. Kila mtu aweke kwao. Msichana mmoja aliweka Milamba, akachora na mtumbwi wa baba yake, maana sasa baba yake yuko mbali na bahari na mtumbwi hauko. Mwingine aliweka Quitupo na miembe yake. Wengine Olumbe, Quionga, Mocímboa da Praia, Nangade. Mmoja aliweka Pemba, kwa sababu mama yake alipanda meli ya kuokoa watu mwaka 2021 na yeye hakupanda. Wakabishana Ruvuma inapinda wapi. Wakabishana kama Quitunda iandikwe kwa kalamu au kwa penseli. Wazaliwa wa vijiji vilivyohamishwa walisema kalamu, sasa ndio kwao. Waliokimbia walisema penseli. Tukaacha kila mtu aandike kwa alichoshika, kwa hiyo Quitunda imeandikwa mara nyingi, rangi tofauti, mpaka pamekuwa peusi.

Mimi niliweka nukta moja Nacala. Hakuna aliyeniuliza.

Kwa ndugu zangu wa misaada mnaosoma hapa, nina ombi dogo, si la bajeti. Mnapokuja na fomu zenu, mnatuuliza tuko wangapi nyumbani, tunakula mara ngapi, maji tunateka umbali gani. Ni maswali ya lazima, endeleeni kuyauliza. Ila kabla hamjafunga kalamu, ongezeni moja hata kama halina kisanduku cha kujaza: kabla ya haya, ulikuwa unapenda kusikiliza nini? Mtashangaa. Bibi mmoja jirani yangu, ambaye kwenye fomu ni "mwanamke, zaidi ya 60, hana kipato", alikuwa kiongozi wa kikundi cha tufo na anakumbuka nyimbo ambazo hakuna mahali zimeandikwa. Sijawahi kuona mtu akimwuliza.

Na kwa wenzangu wa hapa: CD ipo kwa mzee wa deki, anayetaka kusikiliza aje Jumamosi baada ya alasiri umeme ukiwepo. Wimbo wa nne unaruka katikati, msishtuke. Pale panaporuka, nitaimba mimi.